Juu ya Kupunguza Vyuma Vitokavyo Ng'ambo

Huku kwetu, tangu Shinyanga hata Geita, habari ya chuma si habari mpya. Wazee wetu walinunua majembe kwa Warongo, wahunzi wa Uzinza, ambao waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuru zao, wakafua majembe yaliyochukuliwa mbali hata Usukuma na Unyamwezi. Jembe la namna ile lilikuwa na msuka, yaani ule mkia mwembamba uingiao katika mpini. Aliyelinunua alirudi nalo kwake, akatafuta mti mgumu, akachonga mpini, kisha akautia msuka motoni mpaka ukawa mwekundu, akaupenyeza katika kichwa cha mpini, nao ukajichomea njia yake wenyewe. Tundu likiwa dogo, alilipanua tundu. Hatukusikia hata siku moja kwamba mtu aliukata msuka ili uingie katika tundu dogo. Kila mtu alijua ya kuwa mpini ni wake, naye aweza kuchonga mwingine kesho. Bali jembe ni kazi ya mhunzi, na unene wa msuka aliupima mhunzi kwa sababu alizozijua yeye.

Tumeanza na jambo hili la kale kwa kuwa sisi tulilisahau, na kwa kulisahau kwetu kijana mmoja alivunjika mguu. Twataka kulieleza jambo hilo kwa utaratibu, maana siku hizi vijana wetu wengi wanajifunza kuchora kwa kompyuta, na kosa tulilolifanya ni jepesi mno kufanyika.

Nchi hii, kama mjuavyo, imejaa mashimo ya mali. Almasi za Mwadui zilivumbuliwa mwaka 1940. Mgodi wa kale wa Geita ulichimbwa tangu mwaka 1936 hata 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Lakini kando ya migodi mikubwa wapo wachimbaji wadogo, nao ni wengi, na ndugu zetu wengi wa kanisani hupata riziki yao huko. Ukifika katika mialo yao utasikia mngurumo wa makarasha. Karasha ni pipa kubwa la chuma lililolazwa, lenye gololi za chuma ndani yake. Injini hulizungusha kwa mkanda, na gololi huanguka juu ya mawe yenye dhahabu, zikayaponda mpaka yakawa unga.

Sasa litazameni karasha kwa makini. Pipa lake na fremu yake hutengenezwa na mafundi wetu wa mjini, kwa kukata na kuchomelea. Lakini injini, na puli, na mikanda, na beringi zinazoshika shafti, hizo hutoka ng'ambo. Hushushwa bandarini Dar es Salaam, zikaletwa kwa magari mpaka huku bara. Kwa hiyo kila karasha ni ndoa ya vyuma vya namna mbili, vya nyumbani na vya mgeni. Na kama ilivyo katika kila ndoa, neno gumu ni kupatana.

Zamani sisi walimu tulifundishwa kuchora mitambo kwa penseli na rula juu ya ubao. Kuchora kwa kompyuta si kazi ya jana, kwani mwaka 1963 kijana mmoja wa Marekani, Ivan Sutherland, alikwisha kuonyesha programu yake iliyomwezesha mtu kuchora kwa kalamu ya mwanga juu ya kioo. Walakini kwa muda mrefu programu za namna hiyo zilikuwa za matajiri. Leo iko programu iitwayo FreeCAD, ambayo haiuzwi. Kila mtu aweza kuichukua na kuitumia bure. Hiyo ndiyo tuliyojifunza, nasi tukaanza kuwafundisha vijana.

Na hapa twaomba msomaji atuvumilie kidogo, maana bila kufahamu jinsi kazi hii ifanywavyo, hataona kosa letu lilikuwa wapi. Wenye viwanda vya beringi huweka katika intaneti michoro ya vyuma vyao, ili mnunuzi apate kuona kama vitamfaa. Michoro hiyo huja katika faili za namna iitwayo STEP, ambayo kanuni yake ya kimataifa ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1994, ili programu ya mtu mmoja iweze kusoma mchoro wa mtu mwingine. Ukiliingiza faili hilo katika mchoro wako, beringi yatokea kiooni pamoja na nyumba yake ya chuma, mviringo wake, tundu zake na miguu yake, kama kwamba imewekwa mezani mbele yako. Waweza kuizungusha, kuichungulia chini, na kuipima. Ziko faili za namna nyingine, ziitwazo STL, zisizotaja hata kipimo chake. Tumewahi kuona kipande kilichochorwa kwa inchi kikitokea kidogo mara 25.4, kwa kuwa kompyuta ilidhani kila inchi ni milimita moja. Lakini STEP hutaja kipimo, na ukubwa wake waaminika.

Jambo moja tu halimo katika faili la mgeni, nalo ni kumbukumbu. Tuchorapo chuma chetu wenyewe, kompyuta hukumbuka kila hatua: kwanza tulichora kitako, kisha tukatoboa tundu, kisha tukalainisha pembe. Hatua hizo hukaa upande wa kioo kama ngazi, nawe waweza kuirudia yo yote na kuibadili. Kipande kilichotoka kwa mgeni huja na umbo lake tu. Twaona kwamba pembe hii ni ya mviringo, lakini hatuoni aliyeifanya hivyo alikuwa akiogopa nini. Twaona kwamba mguu umepita tundu la bolti kwa upana wa kidole, lakini hapana palipoandikwa kwa nini upite kiasi hicho. Mwenye kujua yuko mbali, wala hatumjui jina.

Hata hivyo umbo hilo laweza kukatwa. Wachora sanduku kiooni, walisogeza mpaka lifunike sehemu usiyoitaka, kisha waiambia kompyuta ilitoe sanduku katika chuma. Mara ile sehemu imetoweka. Hesabu hii ya kuondoa, kuunganisha na kubakiza yaitwa kwa jina la George Boole, Mwingereza, mtoto wa fundi viatu. Yeye hakusoma chuo kikuu. Alianza kufundisha shule akiwa na miaka 16, akajifundisha mwenyewe usiku, na mwaka 1854 akatoa kitabu chake juu ya kanuni za fikira. Walimu wenzetu wapaswa kumkumbuka. Lakini Boole alikuwa akikata fikira, na sisi tulikuwa tukikata chuma.

Yatupasa kusema pia kwamba kukata mchoro wa mgeni si kosa kila mara. Mara nyingi twakata kwa ajili ya macho tu. Kompyuta za shule ni dhaifu, na kipande chenye gololi na pete na skrubu nyingi huzichosha. Basi twaondoa vya ndani ili mchoro uwe mwepesi. Au twakata kipande katikati ili wanafunzi waone tumbo lake. Kukata huko hakumdhuru mtu, maana chuma chenyewe kilichoko dukani kimebaki kizima. Liko na kata la pili, la msumeno: mchoro waonyesha chuma kimepunguzwa, na fundi ataushika na kukipunguza kweli. Makata haya mawili hufanana kabisa kiooni. Sanduku ni lile lile, amri ni ile ile. Tofauti yake imo ndani ya kichwa cha aliyekata, na kichwa cha mtu husahau.

Mwezi wa Agosti mwaka 2023 alitujia fundi mmoja mchomeleaji, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu. Alikuwa amepewa kazi na mzee mmoja mwenye mwalo upande wa Geita, ya kutengeneza karasha jipya juu ya fremu ya zamani. Mzee alitaka kuuona mchoro kabla ya kutoa fedha, na fundi hakuwa amejifunza kuchora. Tukakubali kwa furaha. Tukaipima fremu, tukaichora. Tukachora pipa na shafti yake yenye kipenyo cha milimita 60. Kisha tukatafuta mchoro wa beringi zilizokwisha kununuliwa, zilizoandikwa 212. Msomaji asiyejua na ajue hili, maana lafaa sokoni: katika nambari za beringi za kawaida, chukua tarakimu mbili za mwisho, ukiwa ni 04 au zaidi, uzizidishe kwa 5, nawe utapata kipenyo cha shafti kwa milimita. Basi 12 mara 5 ni 60.

Tulipoziingiza beringi, tuliona kwamba nyumba ya mojawapo haikukaa. Mguu wake uligonga nguzo ya fremu, ukaingia ndani yake kwa milimita 12. Kompyuta haijui kwamba chuma hakiingii katika chuma. Ilivionyesha viwili vikiwa mahali pamoja kama vivuli. Tukataka kujua kwanza kama puli itakuwa sawa na ya injini. Ili mguu usitusumbue macho, tukachora sanduku, tukaukata. Likawa jambo la nukta chache. Puli ikaonekana sawa. Tukapendezwa, tukaendelea na mambo mengine, na ule mguu tukausahau. Siku ya pili tukachapa karatasi, tukampa fundi.

Baada ya siku kadhaa alitupigia simu. Tulikuwa tukisahihisha mitihani, na rundo lilikuwa refu. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Huu mguu wa nyumba ya beringi, karatasi yaonyesha umekatwa karibu na tundu la bolti. Nami naona kitabaki chuma chembamba sana. Nikate kweli?"

Tukamjibu, "Marahaba. Fuata mchoro, kijana wangu. Mchoro umepimwa."

Akasema, "Haya, Mwalimu." Akafuata mchoro. Alikata milimita 12, na kati ya tundu na ukingo kikabaki chuma cha milimita 4 hivi.

Sasa tueleze nyumba ya beringi ni chuma cha namna gani. Ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho hustahimili sana kubanwa, lakini hakipendi kuvutwa wala kugongwa. Hakipindi kwanza kama chuma cha nondo ili kukuonya, bali hukatika ghafula kama chungu. Na karasha halitulii. Mkanda huvuta upande mmoja, gololi hupiga ndani, na kila mzunguko mguu wa beringi huvutwa na kuachiliwa. Mzunguko mmoja si kitu. Lakini karasha huzunguka mchana kutwa, na mikwaruzo iliyoachwa na jiwe la kukatia ni kama njia ndogo zilizokwisha kutayarishwa kwa ajili ya ufa.

Wenye elimu kubwa kuliko sisi wamejifunza neno hili kwa uchungu. Mwaka 1954 ndege mbili za Kiingereza ziitwazo Comet, zilizokuwa za kwanza kuchukua abiria kwa injini za jeti, zilipasuka angani, ya kwanza tarehe 10 Januari na ya pili tarehe 8 Aprili, na wote waliokuwamo wakafa. Wataalamu walitia mwili wa ndege nyingine ya namna ile ndani ya tangi la maji, wakaujaza na kuulegeza mara nyingi sana, kama vile ndege ipaavyo na kushuka, mpaka ukapasuka. Ufa ulianzia pembeni mwa tundu lililokatwa ubavuni, kama tundu la dirisha. Maana nguvu ipitayo katika chuma ni kama maji ya mto: palipo pana yapita polepole, na palipobanwa, kando ya tundu au penye pembe kali, yakusanyika na kula ukingo. Ndiyo sababu wasubu vyuma hulainisha pembe za ndani, na ndiyo sababu huacha nyama ya chuma nyingi kuzunguka tundu la bolti. Anayeitazama nyama hiyo bila kujua aweza kudhani ni ziada.

Siku ya tisa mguu ulikatika. Tundu lilifunguka, bolti ikapoteza mshiko, nyumba ya beringi ikateleza kwa kuvutwa na mkanda, na upande mmoja wa pipa ukaanguka juu ya fremu. Puli ikampiga muundi wa mguu kijana aliyekuwa akitia maji. Yeye ni mwana wa mjane wa upande wa Shinyanga, aliyekuja Geita kutafuta fedha za kumsaidia mama yake. Wenzake walizima injini, wakamchukua hospitali.

Habari zilitufikia Jumapili baada ya ibada. Tuliambiwa kwamba fundi alikata vibaya. Kwamba mzee amechukua mashine yake ya kuchomelea na ya kukatia ziwe rehani, mpaka alipe gharama za hospitali na za karasha. Na kwamba watu wanasema hawatampa kazi tena. Tulisikitika sana kama watu wanaosikitikia msiba wa jirani. Hata tulisema, na sasa twaona haya kulisema tena, ya kwamba vijana wa siku hizi hawana subira.

Lakini usiku, tukiwa peke yetu, neno lile la simu likaturudia. Tukawasha kompyuta, tukafungua mchoro. Tulisema hapo juu ya kuwa kipande cha mgeni hakina kumbukumbu. Ni kweli, lakini hatua zetu sisi zilikuwa na kumbukumbu. Upande wa kioo, katika ile ngazi, lilikuwapo neno la kata, na chini yake sanduku, na sanduku lile tulilichora kwa mkono wetu. Tukaigusa hatua ile na kuizima: mguu ukarudi mzima. Tukaiwasha: mguu ukakatika. Tukafanya hivyo mara tatu au nne, kama mtu asiyesadiki.

Wapendwa, hatutaki kuwaficha lililotupitia moyoni. Faili lilikuwa letu peke yetu. Tungeweza kuifuta hatua ile, tukahifadhi, na hapana mtu katika mkoa mzima ambaye angejua kwamba mchoro wa mwalimu ulikuwa na kata lile. Karatasi ya fundi, tulifikiri, bila shaka imekwisha kupotea katika mafuta na vumbi. Tulikaa mbele ya kioo muda mrefu. Tulifikiri juu ya jina letu shuleni, na juu ya mshahara wetu, na watoto wetu. Kisha tukamfikiri yule fundi, jinsi alivyouliza. Yeye ndiye aliyekuwa na chuma mkononi, naye ndiye aliyeliona jambo, akaliuliza kwa heshima. Nasi tuliokuwa na kalamu mkononi tulimfumba kinywa kwa neno moja. Mstari ulikuwa wetu.

Asubuhi tulikwenda kwanza kwa fundi. Tulimkuta amekaa mbele ya banda lake tupu. Tukamsalimu, tukamwambia, "Kosa si lako. Sisi ndio tulioukata ule mguu, tena kwa ajili ya kutazama tu, tukasahau kuurudisha."

Hakujibu mara moja. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa mchoro wetu. Mguu uliokatwa ulionekana wazi, na kando yake ameandika kwa penseli siku aliyotupigia simu.

Tukamwuliza, "Mbona hukumwonyesha mzee?"

Akasema, "Mwalimu, wewe ndiwe uliyenifundisha kusoma. Niliona mashine zaweza kununuliwa tena."

Hatukuweza kusema neno. Tulikwenda pamoja kwa mzee, tukamwekea karatasi mbele yake, tukamweleza yote. Mzee alitutazama sana, kisha akasema kwamba katika miaka yake yote ya mwaloni ameona watu wengi wakikimbia madeni, lakini hajaona bado mtu anayetembea kwa miguu kwenda kulidai deni liwe lake. Akazirudisha mashine za fundi siku ile ile. Gharama za hospitali tulizichukua sisi, tukazilipa kidogo kidogo katika mshahara kwa miezi saba. Kisha tukaenda kwa yule kijana kitandani, tukamwambia na yeye, na mama yake akiwapo. Mama alilia, hakutulaani. Kijana sasa atembea, ila huchechemea kidogo kunapokuwa na baridi. Kila tumwonapo twakumbuka milimita 12.

Tangu siku zile tumeweka kanuni chache shuleni kwetu, nasi twaziandika hapa, labda zitamfaa mwalimu mwingine au fundi.

Kwanza, kipande cha mgeni hatukigusi. Twakihifadhi faili lake lilivyokuja, na tukitaka kukata, twakata nakala yake. Pili, kila kata twalipa jina. Likiwa la macho twaliandika "la macho", na kipande chake twakipaka rangi nyekundu, wala hatuchapi karatasi yo yote yenye nyekundu ndani yake. Tatu, kabla ya kukata kwa msumeno twauliza chuma hiki kina kazi gani hapa. Je, kiko kando ya tundu? Je, ni pembe ya ndani iliyolainishwa? Je, ni ubavu wa kutia nguvu, au kifuniko cha kulinda mkono wa mtu? Tusipojua jibu, hatukati. Nne, twaanza kupunguza kilicho chetu. Nguzo ya fremu ile ilikuwa ya kwetu. Kuihamisha kidogo kungekuwa kazi ya nusu siku, kukata na kuchomelea upya. Tulikata kilichosubiwa na mtu asiyetujua, tukaacha kilichochomelewa na fundi tunayemwita kwa jina.

Tano, kama fremu haisogezeki na mgeni haingii, mgeni arudishwe dukani, itafutwe nyumba nyingine ya beringi yenye miguu ya namna nyingine, maana ziko za namna nyingi. Twamkumbuka Daudi alipovikwa mavazi ya vita ya mfalme Sauli. Hayakumkaa. Hakuomba kisu ayakate mikono. Aliyavua, akaenda na alichokizoea. Kuvua si aibu.

Na ya sita ndiyo kubwa kwetu: anayeshika chuma akiuliza, mwenye kalamu na aache kalamu. Kompyuta hukata chuma bila sauti, bila cheche, bila jasho, na kwa hiyo humdanganya mtu kwamba hakuna kilichokatwa. Fundi ndiye wa kwanza kuusikia uzito wa mstari ule. Swali lake ni la thamani kuliko karatasi yetu. Siku hizi, kabla mchoro haujatoka shuleni, twamwita yule fundi wetu, naye hukaa kwenye benchi la mbele, kioo kikiwa mbele yake, na wanafunzi hunyamaza wakimsikiliza. Hajui majina ya amri za kompyuta. Lakini hugusa kioo kwa kidole chenye makovu ya moto na kuuliza, "Na hapa, kwa nini?" Tukiwa na jibu, twaendelea. Tukikosa jibu, twarudisha chuma mahali pake.

Mwaka huu tulimwomba babu mmoja wa kijijini atuletee jembe la kale alilorithi kwa baba yake, na kwa hisani yake limetundikwa ukutani darasani, juu ya kompyuta. Mpini wake umebadilishwa mara nyingi. Yeye mwenyewe amekwisha kuubadili mara mbili. Msuka ni ule ule. Wanafunzi wapya hutuuliza jembe lafanya nini katika chumba cha kompyuta, nasi twawapa mpini mpya na kisu, twawaambia wajaribu kulitia. Huchonga, hupima, huchonga tena. Mpaka leo hakuna aliyeomba tupa ili aupunguze msuka.